Mguu wa Jioni

Mimi sina subira, na anayebisha aje Kanyenye, hapa Tabora, aulize. Ataambiwa: Mwanahawa binti Lukumani, yule fundi viatu mwanamke? Ukimwambia kiatu chake kimekubana, jiandae kusomewa ukoo wako mzima. Nakubali, nilikuwa hivyo. Siku hizi nimepungua kidogo, na aliyenipunguza ni msichana mmoja wa Itetemia pamoja na miguu yake miwili.

Kazi hii niliirithi kwa baba. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na mimi nilikuwa nimeolewa mara moja nikaachika mara moja, tukatoka sare. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikakaa naye barazani nikishona. Alipofariki, majirani walidhani nitauza kalibu zake, yaani ile miguu ya mti tunayoshonea viatu juu yake. Nikawaambia wangoje. Walingoja mpaka wakachoka.

Sasa kuna jambo la baba ambalo lazima ulijue, maana kisa chote kimo humo. Mzee Lukumani hakupima mguu wa mtu kiholela. Mteja akifika, kwanza karibu kiti. Akishaketi, baba mwenyewe anateka maji mtungini, maji yaliyolala usiku kucha, baridi mpaka meno yanauma, anamwosha mteja miguu juu ya beseni, taratibu, halafu anaifuta kwa kitambaa safi. Kahawa inamiminwa. Vikombe viwili vinanyweka, habari za mjini zinapita, ndipo karatasi ya kaki inawekwa chini ya unyayo na penseli inazungushwa. "Mguu ni mgeni," alikuwa akisema. "Umetoka mbali na vumbi lake. Utampimaje mgeni hujamkirimu?" Watu walimpenda kwa hilo. Makarani, masheikh, wafanyabiashara, mapadri wa misheni, wote walipita kwenye kile kiti.

Na kiatu kikibana, alikuwa na jibu moja: "Kiatu hakikosei. Mguu ndio hukosea." Hata mimi aliniambia hivyo, nikiwa na miaka saba, siku ya Idi, nilipolia kwa sababu ya viatu vyekundu alivyonishonea. Alinishika kidole gumba, akatikisa kichwa kwa huruma. "Una mguu mbaya, mwanangu. Utazoea." Nikazoea. Kidole gumba changu kikaja kulalia wenzake kama mlevi aliyeegemea ukuta, na kwa miaka ishirini na tisa niliamini kosa ni la mguu.

Basi mwaka ule wa Azimio la Arusha, nchi nzima ilikuwa inatembea. Vijana walitoka huku wakaenda kule kwa miguu kuliunga mkono, bendera mbele, nyimbo nyuma. Tabora nasi tukapata kamati yetu ya matembezi. Watu ishirini na wawili wangetoka hapa mpaka Dodoma kwa njia ya wapagazi wa zamani: Igalula, Goweko, Tura, halafu lile pori ambalo wazee waliliita Mgunda Mkali, halafu Itigi na kuendelea. Kati ya hao ishirini na wawili, mwanamke alikuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuja barazani kwangu asubuhi, mrefu, mwembamba, msalaba mdogo shingoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu kiti."

Aliketi, na maswali yakaanza hata kabla kiti hakijapata joto. Kalibu hizi ni za mti gani? Kwa nini ya kushoto imezidi ya kulia? Uzi unapakwa nta ya nini? Nikamwuliza yeye ni nani hata anihoji kama karani wa mahakama. Akasema anaitwa Paskazia, binti Masolwa wa Itetemia, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na anataka buti za kumfikisha Dodoma.

"Wewe? Dodoma? Kwa miguu?"

"Bibi yangu mzaa baba alikwenda pwani akarudi na msafara wa pembe za ndovu," alisema akicheka. "Chungu kichwani, baba yangu mgongoni. Mimi nitabeba blanketi na unga tu, na bado watu wananiambia sitaiona Itigi." Kisha akaacha kucheka. "Katibu wa kamati, Bwana Luhende, ndiye aliyenipigania niandikwe. Lakini ameniambia wazi: Paskazia, wewe ukianguka njiani, mwakani nikitaja jina la mwanamke hakuna atakayenisikiliza. Kwa hiyo, dada, mimi sina ruhusa ya kuanguka."

Nilimpenda pale pale, ingawa sikumwonyesha. Nikamwosha miguu. Maji yalipomgusa aliruka, "Yesu na Maria!" nikamwambia atulie. Kahawa, vikombe viwili. Karatasi, penseli. Kwa siku tisa nilishona buti ambazo mpaka leo nikizikumbuka nafurahi: ngozi ya ng'ombe laini, mshono maradufu, soli ya tairi, kamba mpaka juu ya kifundo. Niliziweka barazani siku mbili nzima watu wazione kabla sijamwita. Alizijaribu asubuhi, amekaa, miguu imeoshwa. Zilimkaa sawasawa.

Kamati ilikuwa imeamua kwamba kabla ya safari wote watembee kwanza hadi Igalula na mizigo yao, mwendo wa kutwa, ili wasioweza waonekane mapema. Waliofika wangelala huko na kurudi kwa treni kesho yake asubuhi. Paskazia alirudi siku ile ile, alasiri, juu ya keria ya baiskeli ya mtu, buti zangu zikining'inia shingoni mwake.

Hakwenda kwao. Alikuja moja kwa moja kwangu. Malengelenge yalikuwa yamepasuka kwenye vidole vidogo vyote viwili, ukucha wa gumba ulikuwa umevilia damu, na visigino vimechunika.

"Dada, buti zimebana."

Mtu mwenye moyo angesema pole. Mimi sikusema. Mahona muuza kahawa alikuwa pale na wateja wake wawili, masikio yote yamesimama, na mbele ya watu mimi sikubali kushindwa. "Kiatu hakikosei," nikasema. "Asubuhi ulipozichukua, zilikukaa au hazikukukaa?"

"Zilinikaa."

"Basi! Miguu yako ndiyo mibaya. Usimtwishe fundi kosa la mguu."

Alinitazama. Hakulia wala hakupandisha sauti. "Miguu hii inatoka Itetemia kuja mjini kufundisha na kurudi, kila siku, huu mwaka wa nne. Peku au kwa katambuga za tairi. Haijaniuma hata mara moja. Sasa imekuwa mibaya lini, dada? Leo saa ngapi?"

Mahona akachekea ndani ya kikombe. Nilimtazama akaacha.

Paskazia akasema lililobaki kwa upole ule ule. Watatu walikuwa wameshindwa, na Bwana Luhende amewaombea jaribio la pili baada ya wiki mbili, Igalula ile ile. Akishindwa tena, jina lake linafutwa na nafasi anapewa mwanamume. Akaziweka buti juu ya kiti cha baba, akaondoka peku akichechemea.

Saa ngapi! Mtu ananiuliza saa ngapi! Nilifoka peke yangu mpaka jua likaanza kushuka. Lakini swali zuri ni kama mchanga kwenye wali, utatafuna upande huu na ule, halafu mwisho utakutana nalo. Nikafungua sanduku la baba, ambamo karatasi za miguu ya wateja wote zimetunzwa, nikatoa ya Paskazia, nikaipima na buti. Zililingana. Hakuna hata unywele uliozidi.

Nikaingiza mkono ndani ya buti. Hapo pa kidole kidogo ngozi ilikuwa imesukumwa nje, imefanya kibonge, na ndani pana damu. Nikapima tena kwenye karatasi. Kwa mujibu wa karatasi, pale hapakuwa na mguu kabisa. Lakini ngozi haijui kusema uongo. Palikuwa na mguu, tena ulisukuma kwa nguvu. Nikakaa na buti mapajani nikijiuliza mambo ya kichaa: mguu wa mtu mzima unaweza kukua? Ukakua Jumamosi? Halafu ukapungua?

Nilimpa siku za kupona, nami nikapoteza siku hizo kwa kuudhika. Jumatano asubuhi nilikwenda Itetemia na kikapu cha karatasi za kaki, pamoja na ile yake ya dukani. Mama yake alikuwa uani anapepeta mtama. "Mwangaluka," akanisalimu kwa Kinyamwezi, nikaitikia, akanitazama kama anayejua mimi ni nani na nilisema nini. Paskazia akatoka. Sikujua kuomba radhi kunaanzaje, kwa hiyo nikasema, "Lete mguu."

Akaangua kicheko. "Dada, wewe!"

"Lete mguu, na ulete mzigo wako wa safari. Leo nataka kujua saa ngapi."

Alielewa mara moja. Vidonda vilikuwa vimekauka. Akavaa katambuga zilizo wazi kote, tukakata ukanda wa nyuma usimguse kisigino. Nilimpima kwanza amekaa, baada ya kuosha miguu kwa maji ya mtungi wao. Karatasi ikalingana kabisa na ile ya dukani.

"Sasa simama," nikasema.

"Kwa nini?"

"Sijui. Simama tu."

Alisimama, nikazungusha penseli. Lahaula! Mstari ulitoka nje ya ule wa kwanza kwa punje nzima ya mahindi. Amesimama tu! Hajaenda popote! Nilipiga kelele mpaka mama yake akaacha kupepeta akaja kuona. Tukampima na yeye, amekaa, amesimama. Naye akazidi.

Tukashika njia ya zamani kuelekea mashariki, ile ambayo siku hizi ni ya ng'ombe na baiskeli, inapita katikati ya miombo na vichuguu. Yeye mbele na blanketi, unga na maji kichwani kama bibi yake, mimi nyuma na kikapu. Nilivaa viatu vyangu vya kufunika, kazi ya mikono yangu, vilivyoshonwa kwenye kalibu aliyonichongea baba. Kila baada ya mwendo tulisimama nikampima, nikaandika juu ya karatasi: na mzigo, bila mzigo, asubuhi, jua la saa nne, jua la saa sita. Alipoona mistari inavyopanuka, naye akaingiwa na kiherehere.

"Dada, nikitua mzigo utarudi?"

"Tua tuone."

Ulirudi, ila si wote.

"Na nikisimama kwa mguu mmoja?"

"Simama."

Mchunga ng'ombe mmoja alipita akakuta mwanamke mzima nimelala kifudifudi njiani nimeshika kisigino cha mwenzangu, na mwenzangu amesimama kama korongo na mzigo kichwani. Alitoa salamu akaongeza mwendo.

Saa tisa ilipofika, mguu wa Paskazia ulikuwa umezidi ule wa karatasi yangu ya kwanza kwa punje mbili ubavuni na moja na nusu mbele. Punje mbili! Kwa fundi viatu hilo ni shimo la kuzikia mtu. Sasa nilijua vidole vyake vilikuwa vimekwenda wapi siku ile. Lakini sikujua bado kwa nini karatasi yangu haikuuona mguu huo.

Tulifika kwenye kisima cha watu, kimezungushiwa magogo. Paskazia akatua mzigo, akaketi juu ya gogo, akachota maji kwa kata akajimwagia miguuni. "Baridi! Kama ya kwako!" Tulikula viazi vilivyochemshwa, tukaongea. Nilipomaliza kula nikasema nimpime tena, kwa kukamilisha tu, sikuwa nategemea kitu.

Nikazungusha penseli, nikaweka karatasi juu ya ile ya dukani. Mguu ulikuwa umerudi. Mstari ulikuwa juu ya mstari. Saa nzima ya kukaa na kata tatu za maji baridi, na mwendo wote wa kutwa ulikuwa umefutika.

Paskazia aliinama akatazama. Ni mwerevu yule, na alilijua kabla yangu, lakini alilisema polepole. "Dada. Kiti. Maji. Kahawa."

Nilikuwa na hasira lakini sikuona wa kumkasirikia. Miaka yote hiyo, watu wamekuja kwa baba na miguu yao halisi, miguu ya njiani, imetuna, imepanuka, inasema kweli. Nasi tunaikalisha, tunaipoza, tunaikirimu mpaka inakuwa mingine, halafu tunaishonea ile mingine viatu. Kisha inatoka nje na kuumia, tunaiambia ni mibaya. Na yote hayo yalikuwa heshima! Laiti ingekuwa ulafi au uvivu, ningemlaumu marehemu nikapumua.

"Vua na wewe," Paskazia akasema.

"Mimi sipimwi. Mimi nina mguu mbaya tangu utoto."

"Nani alisema?"

Nilijifanya napanga karatasi kikapuni. Akapiga magoti vumbini, akafungua kamba zangu mwenyewe. Alipokiona kidole gumba changu kilivyolala, alikigusa kwa ncha ya kidole. Halafu akachukua karatasi na penseli yangu. "Simama, dada. Usikae." Nikasimama, nimetoka kutembea kutwa, akanizungushia penseli kwa mkono wake wa ualimu, taratibu, kisha akaweka kiatu changu juu ya mchoro. Mguu ulikuwa umekizunguka kiatu pande zote.

"Mguu wako hauna kosa lolote," akasema.

Nililia, sitaficha. Mtu wa miaka thelathini na sita, kisimani, kwa ajili ya viatu vya Idi. Yeye akanishika bega wala hakuniuliza swali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nilipomaliza kulia, ndipo nikaliweza lile neno. "Pole kwa miguu yako, Paskazia. Na unisamehe kwa mdomo wangu."

"Nimeshakusamehe. Sasa zilizobaki ni siku tisa."

Nilifunga kazi nyingine zote. Niligongomea vipande vya ngozi kwenye kalibu ubavuni na mbele mpaka ikafanana na mguu wa saa tisa, nikakata ngozi mpya, nikashona. Siku ya sita alikuja jioni, akitoka kufundisha, vumbi mpaka magotini. Alitaka kuketi kwa mazoea, nikapiga kelele, "Usikae!" Mahona akamwaga kahawa. Kumwambia mgeni asikae, hapa Tabora, ni afadhali umtukane. Nilimvisha amesimama, soksi mbili za sufi, mzigo kichwani. Vidole vilicheza kwa raha. Nafasi ya kidole changu kimoja mbele ya gumba lake. Nikaanza kujisifu.

"Twende tutembee," akasema.

Tulikwenda mpaka kwenye tuta la reli. Alipanda vizuri. Aliposhuka, nikaona kwa macho yangu kisigino kinapanda na kushuka ndani ya buti kama mchi kwenye kinu, na mguu mzima unateleza mbele vidole vigonge. Masikini mimi! Nilikuwa nimepanua kila mahali kwa woga. Mguu hutuna mbele, kisigino hakina habari hiyo, kisigino ni mfupa. Nilikasirika nikapiga teke kokoto la reli, nikaumia kidole kile kile.

"Angalau leo umejua kabla ya Igalula," Paskazia akanitania.

Nilibomoa nyuma nikabana, nikaweka kipande cha ngozi laini cha kushika kisigino, nikaongeza tundu mbili za kamba juu ya mgongo wa mguu ili mguu usikimbilie mbele. Kesho yake jioni, tutani tena. Alipanda, akashuka. Akapanda, akashuka kwa kukimbia. Nilikuwa nimelala majanini natazama kisigino tu. Hakikusogea. Siku mbili zilizobaki nilimwambia azivae kwenda na kurudi kazini, asivue.

Jumamosi ya jaribio sikwenda kumsindikiza, moyo ulinikataa. Jumapili asubuhi nilikuwa stesheni kabla hata ya wapakizi. Kila baiskeli iliyopita jana yake nilikuwa nimeichungulia keria. Treni ikaingia, watu wakashuka na mabegi na makuku, nami sikutazama uso wa mtu, nilitazama miguu. Viatu vya wazi, makubadhi, peku. Mguu mmoja umefungwa kitambaa, huyo alikuwa mmoja wa wale watatu. Halafu nikaziona buti zangu zinashuka ngazi ya behewa, kushoto, kulia, bila kuchagua pa kukanyaga.

Bwana Luhende alikuwa nyuma yake na daftari lake. "Mama fundi," akaniambia, "huyu nilimwambia avue nimkague, akakataa. Akasema nimsubiri mpaka stesheni, kuna mtu anayetakiwa kuwapo."

Paskazia akavua pale pale, amesimama, ameshika bega langu. Miguu ilikuwa na vumbi na alama za soksi. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Luhende akaitazama, akaigeuza kama mnunuzi wa mbuzi, akaandika jina kwenye daftari, akalipigia mstari chini.

Waliondoka baada ya wiki moja. Sikupata habari zao kwa muda mrefu, nami nilikuwa na vita vyangu. Mjini ilishaenea kwamba binti Lukumani amekosa adabu, mteja akija hampi kiti, anamwambia nenda stesheni urudi ndipo nikupime. Wazee wawili waliondoka kwa hasira. Wa tatu, mzee Mussa, aliyevaa viatu vya baba tangu enzi za Mwingereza, alikwenda stesheni akarudi anahema, nikampima amesimama. Alipokuja kuchukua viatu vyake na kuvitembeza mpaka kona na kurudi, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kumbe kiatu hakitakiwi kuuma?"

Siku moja mfanyakazi wa reli akaniletea karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua juu ya meza. Ulikuwa mguu wa Paskazia, kwa penseli, na pembeni maandishi yake ya ubaoni: *Dodoma. Jioni. Nimesimama.* Chini yake: *Dada, watano waliishia njiani wakapandishwa treni. Mimi si mmoja wao. Bwana Luhende ameshaandika wanawake wanne kwa mwakani. Mguu umeongezeka punje nyingine nusu, hivyo nikija kwa viatu vingine usitumie karatasi ya zamani.*

Niliisoma kwa Mahona, nikaisoma kwa kila aliyepita, halafu nikaiweka kwenye sanduku la baba. Chini kabisa ya sanduku nikakuta karatasi ndogo iliyogeuka rangi. Mguu wa mtoto. *Mwanahawa, miaka saba.* Nikakumbuka kitu ambacho viatu vyekundu vilikuwa vimenisahaulisha: kabla ya kunipima alinipakata, akaniosha miguu yote miwili kwa mikono yake, akapitisha kidole chake kati ya kidole na kidole, akinisimulia hadithi ya sungura ili nisiogope maji ya baridi. Hakuna mtu aliyewahi kunishika kwa upole kama ule. Kwa upole ule ule akanikosea.

Nilijishonea viatu. Mchoro ni ule wa kisimani. Ijumaa jioni, kazi zote zimekwisha, nikavivaa na kwenda kwa miguu mpaka makaburini. Sisi wanawake hatuingii, nikasimama nje ya ua, upande alikolala.

"Baba," nikamwambia, "mguu wangu haukuwa mbaya."

Nilikaa kidogo, nikamwombea, nikamweleza na lile lililobaki: kwamba maji ya mtungi sijayaacha. Bado namwosha kila mteja miguu, kwa beseni lile lile na kitambaa safi, na kahawa vikombe viwili. Ila sasa namwosha nikishampima.

Kisha nikarudi Kanyenye kwa miguu. Nilipofika nikavua viatu, nikateka maji, nikaketi kwenye kile kiti, ambacho sikuwahi kukikalia tangu alipofariki, nikajiosha miguu.